Namba Moja Hajafika

Mtu aliyechukiwa kuliko wote Manzese asubuhi ile alikuwa namba moja, na hakuna aliyewahi kumwona.

Daktari wa macho alikuja zahanati ya mtaa huo mara moja kwa mwezi, na saa sita kamili aliondoka, uwe unaona au huoni. Mzee Abdulsamad, aliyefunga duka lake la vitambaa kwa kuwa hatofautishi tena kijani na bluu, alifika alfajiri, wa kwanza kabisa. Mashine ya tiketi ikamtemea 16777216. Wa pili akapata 33554432. Kibao cha ukutani kikaita namba moja. Kikaita tena. Mjukuu wa mzee, Wahiba, alipofika saa nne kumletea chai, daktari alikuwa ndani anachezea simu, na Nesi Tupokigwe kasimama mlangoni: haingii mtu mpaka namba moja aingie.

"Ni mkubwa fulani huyo," alisema mama mmoja. "Sie tunaoza hapa, yeye bado kalala."

"Hana adabu," babu akasema. "Wallahi, huyo namba moja haingii kabla yangu."

Wahiba alitamani ardhi ipasuke. Programu ya tiketi aliitengeneza yeye. Kila mashine ina desturi yake ya kupanga baiti, yaani vipande vinavyounda namba: nyingine hutanguliza kubwa, nyingine ndogo. Wakati wa kuikompaili, yaani kuigeuza iwe lugha ya mashine, programu ilipaswa kuipima mashine yenyewe. Lakini Wahiba alikuwa kwake Tegeta, uvivu ukamshika, akaijibia mwenyewe, akidhani itafanana na laptopu yake; kumbe ilipanga kinyume, na moja ikatoka 16777216. Kuuliza si ujinga, na yeye hakuuliza.

Akachomeka laptopu kwenye mashine ya tiketi, akakompaili upya palepale, safari hii akaiacha mashine iandike moja na yenyewe itazame imeanzia upande upi. Mashine ile kongwe ilijikongoja mpaka saa sita kasoro dakika kumi. Kisha ikatoa tiketi: 1.

"Babu, namba moja ni wewe."

Benchi zima likamgeukia mzee kwa hasira iliyowekwa tangu asubuhi. Mzee akaisogeza tiketi hadi puani, akamrudishia Wahiba.

"Mie nimeshaapa, mjukuu wangu. Huyu haingii kabla yangu."

"Na utaratibu ni utaratibu," akasema Nesi Tupokigwe. "Anaanza namba moja."

Ndani, daktari alikuwa anafunga mkoba. Wahiba aliona macho ya babu yanapotea hivihivi.

"Haingii kabla yako, babu. Mnaingia pamoja."

Mzee akatafakari. Akaichukua tena tiketi, akaikunja, akaifumbata barabara kiganjani, akavaa kandambili zake. Mlangoni akageuka, akainua ngumi wote waione.

"Nimemkamata," akasema, akaingia.