Kadi Isiyo na Namba

Mdogo wangu alikufa ndani ya shimo la lifti, na kabla udongo wa kaburi haujakauka bosi wetu alikuwa ameshaulizia kadi yake.

"Fundi mpya anaanza leo," aliniambia, amesimama mlangoni mwa kijichumba changu kana kwamba kiti cha wageni kina miiba. "Mtengenezee kadi, chapchap. Namba ni ileile."

Kazini tunamwita Chapchap, na si kwa mapenzi.

Kampuni yetu inafunga na kutengeneza lifti. Kila fundi ana kadi yake ya biashara, ila si ya karatasi. Ni faili dogo lenye jina, cheo, namba ya simu na picha. Linakaa kwenye kompyuta ya ofisi, na simu zote zilizounganishwa na ofisi zinalipokea. Ukibadilisha herufi moja hapa, simu zote zinabadilika zenyewe huko ziliko. Anayezitengeneza na kuzirekebisha ni mimi, kwa kutumia maktaba. Si ya vitabu. Sisi waandika programu tunaita maktaba ile kazi aliyokwisha kuiandika mtu mwingine, ukaichukua ili usianze moja. Unaiambia: fungua kadi, weka jina, weka picha, hifadhi. Inatii, haiulizi.

Mdogo wangu alikuwa ananicheka. "Yaani dada umesoma miaka yote ile uje kuandika majina ya watu?" Yeye alikuwa anapanda juu ya lifti akiwa na spana mdomoni, basi alijiona ndiye mwenye kazi. Siku ile alikuwa juu huko, na mtu wa chini akawasha umeme bila kuuliza kama kuna mtu.

"Bosi, nilikuomba," nilimwambia Chapchap. "Mpe huyo mtu namba nyingine, angalau mpaka mama atoke hospitali."

"Namba hiyo imebandikwa ndani ya lifti za mji mzima. Mtu akikwama ampigie nani? Marehemu?"

Nilitamani kumrushia kikombe cha chai. Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Mama alikuwa wodini tangu kabla ya ajali, amepasuliwa moyo. Daktari alituonya tusimpe habari nzito mpaka atakaposema yeye. Mjomba, ambaye katika ukoo wetu akikohoa watu wote wananyamaza, akaamua asiambiwe. Tukamzika Babu bila mama yake.

Babu ndivyo alivyoitwa nyumbani, kwa kuwa alirithi jina la babu yake mama. Tangu akiwa mtoto wa kutambaa, mama akimwona asubuhi anamwamkia, "Shikamoo, Babu." Alipoanza kusema akawa anakunja uso, anajibu kwa sauti nzito, "Marahaba, mjukuu wangu." Mchezo huo hawakuuacha hata alipoota ndevu.

Mama tulimwambia Babu amepelekwa mbali kufunga lifti za jengo jipya, na huko mtandao ni shida. Uongo ulishika, maana simu yake ilisagika pamoja naye, na mama akipiga anaambiwa haipatikani. Basi akawa anaikodolea macho kadi yake. Simu ya mama ilikuwa ya Babu ya kazini. Alipopewa mpya akampa mama ile ya zamani, ikaendelea kupokea kadi za ofisi. Nilijua, nikaiacha makusudi. Mama aliipenda ile picha: Babu kavaa kofia ngumu ya kazi, anacheka, jino la mbele limekatika.

Sasa namba ile ilikuwa inarudi hewani mikononi mwa mgeni. Mama akipiga itaita, na itapokelewa. Niliwaza nikapata ujanja. Nilifungua kadi ya Babu, nikainakili, na ile nakala nikaigeuza ya fundi mpya: jina lake, picha yake, mengine yote yaleyale. Kisha kwenye kadi ya Babu nikafuta namba ya kampuni, nikaweka ya laini yangu ya zamani iliyokuwa imezimwa kwenye droo. Mama akipiga ataambiwa haipatikani, kama kawaida. Mwisho nikahifadhi, ya Babu kwanza, halafu ya mgeni.

"Tayari?" Chapchap aliuliza kutoka ukumbini.

"Tayari."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilidhani yangu nimeiongeza urefu.

Kila kadi ina alama ya utambulisho ambayo haionekani kwenye kioo. Simu inamjua mtu kwa alama hiyo, si kwa jina wala kwa sura. Ukitengeneza kadi mpya, maktaba inaipa alama mpya. Ukinakili ya zamani, alama inakwenda nayo, na ni juu yako kuibadilisha. Hilo nimewafundisha wenzangu mara ngapi sijui, tena kwa ukali. Siku ile sikuibadilisha. Kwa hiyo simu zote ziliona kadi mbili za mtu mmoja, zikaichukua ya mwisho. Kwa simu ya mama, Babu alikuwa amebadilisha jina na uso.

Mchana mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza, akanipigia. "Njoo. Acha hicho unachofanya, njoo."

"Amezidiwa?"

"Amepiga simu."

Nilimkuta ananisubiri kwenye korido, kanga ameikunjia mdomoni. Alinieleza kwa kunong'ona. Mama alifungua simu amtazame mwanawe kama kawaida yake, akakuta kijana asiyemjua. Akadhani simu imeharibika, akabonyeza apige. Ikaita. Alivyofurahi kusikia inaita, alikaa kitako bila kushikwa, mtu ambaye asubuhi alikuwa ananyanyuliwa. Yule kijana akapokea. Mama akamwambia hii ni namba ya mwanangu, nipe mwanangu. Na kijana wa watu, kwa adabu aliyofunzwa kwao, akamjibu: "Pole sana, mama. Mimi ndiye niliyeshika nafasi ya marehemu. Mungu amlaze pema."

Simlaumu. Hakukuwa na jibu jema zaidi ya hilo.

Niliingia. Mama alikuwa ameegemea mito, simu kifuani juu ya bandeji, ile mashine ya mapigo ya moyo inalia pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Mmeshamzika?"

"Tumeshamzika, mama."

"Mlimzika lini?"

"Jumatano."

Akafikiri. "Jumatano uliniletea machungwa. Ukaniambia Babu ananisalimu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, aibu ya kutaka ngozi yangu niivue niiache palepale.

"Mjomba alisema—"

"Mjomba wako ndiye aliyemzaa?"

Mama mdogo akajaribu. "Dada, tulihofia moyo wako."

"Moyo wangu si huu unapiga?" Akanitazama mimi. "Wewe ndiye unayeandika vitu hivi. Mtoe huyu mtu. Nirudishie mwanangu."

Nilifungua kompyuta yangu miguuni pake. Kadi ya fundi mpya nikaipa alama yake mwenyewe. Halafu nikaifungua ya Babu, na kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu wala macho yangu, nikamuuliza kama ninavyowauliza mafundi.

"Jina?"

"Andika Babu."

"Cheo, mama? Kampuni?"

"Hao waliomuua? Futa."

"Picha?"

"Wewe!" alisema, nikaiacha kama ilivyo.

Ikabaki namba. Akaomba nimsomee. Nikamsomea, naye akaitambua, maana zamani aliwahi kunipigia kwa hiyo.

"Hiyo ni yako."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nimeizima. Ili ukimpigia..."

Alinitazama, na ningefurahi kama angenipiga kofi.

"Futa," alisema.

Maktaba ile inadai kitu kimoja tu ndani ya kadi, nacho ni jina. Cheo kikikosekana inakubali, namba ikikosekana inakubali. Nikahifadhi. Baada ya kitambo simu ikatetemeka mkononi mwa mama. Kofia ngumu ikarudi, na lile jino.

"Shikamoo, Babu," mama alisema.

Akangoja. Mama mdogo akageukia ukutani. Mama akaligusa jina kwa kidole gumba, kama alivyozoea, akaligusa tena, na simu haikuwa na mahali pa kupiga.

"Sasa toka," aliniambia. "Nataka kumlilia mwanangu, na sitaki uwepo."