Mstari wa Buluu Ukutani

Mstari wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, lakini ulitosha kumfukuzisha kazi wifi yangu.

Wifi ni mke wa kaka yangu, na ndiye mchoraji wetu. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la rangi. Tunatengeneza mchezo wa simu: mji mdogo ambao mchezaji anaupita nyumba kwa nyumba akimtafuta paka aliyepotea. Kuta, milango na mapaa, vyote anavichora wifi. Mimi ndiye ninayezivisha nyumba picha zake kwenye kompyuta.

Ukiukaribia ukuta mweupe wa shule, hauna doa. Ukirudi nyuma hadi mwisho wa barabara, mstari wa buluu unachomoza ukingoni.

"Mchoraji anapaka hovyo," alisema Injinia. Tunamwita hivyo kwa sababu injini ya mchezo, ile programu inayoendesha kila kitu, aliiandika peke yake, na hachoki kutukumbusha. "Nampa hadi Ijumaa. Buluu ikiendelea, natafuta mwingine."

"Kingo zangu ni safi," wifi alisema.

"Basi macho yangu ndiyo mabovu."

Injinia alipotoka, wifi akanigeukia.

"Na wewe uliyenileta hapa, umetia maji mdomoni?"

"Nafikiri, wifi."

"Fikiri haraka. Nikifukuzwa, kaka yako atashinda na mimi nyumbani kutwa nzima, na ukoo wenu wote mtajuta."

Nilikuwa nafikiri kweli. Nilifungua ukuta wa shule nikaukuza mpaka vikaonekana vidoti vya rangi vinavyounda picha. Hapakuwa na buluu hata kidogo. Buluu ilikuwa kwa jirani.

Injini yetu ilibandika picha zote kwenye karatasi moja kubwa, bega kwa bega, ili simu isihangaike kubadili karatasi kila inapochora nyumba. Ukuta wa shule ulikaa ubavuni mwa mlango wa buluu. Kitu kikiwa mbali, simu haisomi picha kamili. Inasoma nakala iliyopunguzwa, na katika kupunguza, vidoti vinavyopakana huchanganywa kuwa kimoja. Hapo ndipo rangi ya mlango ilipoingia ukutani. Laza watoto wanne kitanda kimoja uone shuka litakavyovutwa.

Dawa yake ni safu ya picha. Badala ya karatasi moja unapanga rundo, kila picha na karatasi yake, na rundo zima unaikabidhi simu kwa mkupuo mmoja. Ukitaka ukuta fulani, unataja namba ya karatasi. Picha haina tena jirani wa kuivujia. Ila rundo lina sharti: karatasi zote ziwe na kipimo kimoja.

Nilimwendea Injinia. "Naomba niguse sehemu ya picha."

"Injini yangu haina kosa."

"Sijasema ina kosa. Nasema inavuja."

"Rudi kwenye kiti chako."

Nikarudi kwenye kiti changu, nikaigusa.

Kilichonisumbua ni ukuta wa soko. Wifi aliuchora mkubwa kuliko picha nyingine zote, na ndio aliojivunia. Kuzikuza nyingine zilingane nao kungezilemea simu za bei nafuu. Kuugawa vipande kungenilazimu kuijenga upya nyumba nzima, na Ijumaa ilikuwa kesho. Ilibaki kuupunguza tu. Nikamwita.

"Kwa hiyo ili uniokoe, unanikata," alisema.

"Nakupunguza."

"Yule mama niliyemchora akicheka dirishani atabaki?"

"Atabaki. Meno ndiyo hayataonekana."

Alikiangalia kioo cha kompyuta. Mimi pia niliangalia. Meno yale yalikuwa mazuri.

"Mfumbe mdomo," alisema mwishowe, akaondoka.

Ijumaa tulikusanyika kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote tulizonazo. Injinia aliishika mwenyewe. Alitembea mchezoni hadi mwisho wa barabara, akageuka. Ukuta wa shule ulikuwa mweupe. Akaukaribia, akarudi nyuma tena. Mweupe.

"Nani amegusa injini?"

"Mimi."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

Aliiweka simu mezani. "Sawa. Mchoraji atabaki. Lakini wewe utaomba radhi hapa, mbele ya wote."

Wifi alinifinya mkono. "Sema tu samahani," alininong'oneza. "Mdomo hauchubuki."

Nilifikiri. Injini ni yake, na alinikataza kweli. Lakini ni yeye pia aliyemwambia mtu mbele yetu sote kwamba anapaka hovyo, na hadi dakika ile hakuwa amemtazama usoni.

"Anayestahili kuombwa radhi hapa ni mchoraji," nilisema, "na si mimi ninayedaiwa."

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho: utaomba radhi?"

"Siombi radhi."