Spika ya Mlango wa Kushoto

Usiku wa jana niliota mimi ndiye mjinga, na ndoto haikukosea.

Ili unielewe, lazima kwanza nikueleze habari za gari. Ni gari dogo la bluu. Tuko nalo mwaka wa kumi na nne sasa, mimi na mke wangu, Mama Yusta. Binti yetu mmoja, Yusta mwenyewe, aliolewa mwezi wa kwanza akahamia Iringa. Sisi tukabaki Morogoro na vyumba vitatu na gari.

Mimi nina mashine ya kusaga pale Kihonda. Nimesimama kando ya ile mashine miaka ishirini na sita. Mkanda wake ulishanichukua kidole kimoja, ukaniachia adabu. Mtu wa namna yangu haogopi kelele. Anaogopa ukimya. Na Yusta alipoondoka, ukimya ulikuja kwetu bila kupiga hodi, ukachagua kukaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, katikati, pale alipokuwa akikaa yeye.

Basi nikaanza kuboresha muziki wa gari, kwa hatua. Hatua ya kwanza nilitoa redio ya kiwandani, ile ambayo vifungo vyake vilibonyezwa mpaka namba zikafutika, nikaweka yenye kioo cha kugusa. Hatua ya pili, spika za milango ya mbele. Hatua ya tatu, amplifaya chini ya kiti. Na kila hatua fundi wangu, Mkude, aliniuliza, "Hivi vya zamani?" Nami nikajibu kama wanavyojibu wanaume wote wakiwa gereji na roho zao nyeupe: "Chukua tu, fundi." Ndiyo desturi. Kifaa kilichotolewa ni cha fundi. Huulizi kinakwenda wapi, kama usivyouliza nywele zako zinakwenda wapi ukitoka kinyozi.

Jana mchana nikamwambia Mama Yusta kwamba imebaki hatua ya nne, boksi la besi kwenye buti. Akaweka mwiko chini.

"Kesho naenda Iringa kwa mwanangu," akasema. "Nitapanda basi."

"Basi la nini? Gari si lipo?"

"Gari limeshajaa."

Nikamuuliza atarudi lini. Akachukua mwiko wake akaendelea na ugali. Hakujibu, na mpaka tunalala hakuwa amejibu.

Sasa ndoto yenyewe.

Niko gereji kwa Mkude. Ni saa tatu asubuhi, jua la kawaida. Mkude amevaa koti jeupe la daktari, lakini chini ana ndala zake zilezile za grisi, kwa hiyo sishtuki.

"Umekuja hatua ya nne," anasema.

"Ya nne, fundi."

"Sauti umekuja nayo?"

"Sauti gani?"

Mkude ananitazama kwa huruma. "Baba Yusta, hizo hatua tatu ulidhani sauti tuliitoa wapi? Sauti haiongezeki. Inahamishwa. Hatua ya kwanza tulichukua mlio wa geti lako."

Nikakumbuka kwamba kweli geti letu halilii siku hizi. Mimi nilidhani ni mafuta niliyolipaka.

"Ya pili tukachukua mvua kwenye bati la jikoni. Ya tatu, ule wimbo anaouimba mke wako akichagua mchele."

"Na ya nne?"

"Ya nne ni besi. Inataka sauti nzito, iliyokaa muda mrefu. Kwako imebaki moja tu." Anainama kwenye sikio langu kama mtu anayetaja ugonjwa. "Anavyokuita mke wako mkiwa peke yenu."

Hapo nikasema hapana. Nimekubali mambo mengi ya kipuuzi maishani, mengine nikiwa macho kabisa, lakini hilo nikakataa.

"Basi hatua zirudi nyuma," akasema Mkude. "Ila mpaka spika ya zamani ya mlango wa kushoto ikubali."

"Iko wapi?"

"Uliniambia nichukue tu."

"Ndiyo, ukaipeleka wapi?"

"Nikachukua tu."

Nafungua mlango wa gari niingie, naingia zahanati. Ni zahanati safi, sakafu imepigwa deki. Kwenye mabenchi wamekaa vifaa vyote vilivyowahi kutolewa kwenye magari ya Morogoro, kila mmoja ameshika kadi yake ya namba. Kuna honi anakohoa. Kuna waipa mbili, mke na mume, zinakataa kukaa pamoja kwa sababu maisha yao yote zimekwenda upande mmoja na hazijawahi kukutana. Hakuna anayeshangaa kuniona. Nesi, ambaye ni kengele ya baiskeli, ananiambia nipange foleni.

Kwenye korido naikuta redio yangu ya kiwandani. Inasukuma kiti cha magurudumu, na juu ya kiti hicho kuna spika kubwa kama sinia la pilau la harusi. Kiti hakisogei hata kidogo. Jasho linaitoka redio kwenye vifungo.

"Pole na kazi," naiambia.

"Nilimwambia fundi wako tangu mwanzo," inasema ikihema. "Mimi nguvu zangu ni za kusukuma spika za karatasi. Watu wananibebesha majitu, halafu wanasema redio ya kiwandani haina nguvu."

Nasaidia kusukuma. Tunasogea hatua tatu, tunapumzika. Nauliza kama ina kinyongo na mimi.

"Kinyongo cha nini? Miaka kumi na mitatu hukuwahi kunipiga ngumi. Wengine humu wamepigwa sana." Inanyoosha kifungo kimoja. "Unayemtafuta yuko benchi la mwisho. Msalimie vizuri, ni mtu mzima."

Benchi la mwisho amekaa spika wa mlango wa kushoto. Ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka, wa duara, wa karatasi nyeusi iliyofifia. Pembeni amechanika kidogo, na pale palipochanika amejifunika kipande cha kitenge.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa miezi minane."

"Nilikuwa na kazi, bibi. Mashine."

"Najua mashine. Unga wako umejaa kwenye mapafu yangu." Anakohoa kidogo kunionyesha. Unga unatoka kweli, dona.

Nikamwomba arudi. Nikamwambia wale wapya walioshika nafasi yake wana sauti kubwa, lakini nyumbani mambo hayaendi.

"Wale ni watoto," akasema. "Wako wodi ya pili, wanajifunza kutamka. Hawajui hata jina la mkeo."

"Lakini kazi ya spika si kusema?"

"Kusema ni kazi ya redio. Mimi nilikaa gotini kwa mkeo miaka kumi na mitatu. Redio ikizimwa, ulidhani nakuwa nafanya nini?"

Ukweli ni kwamba sikuwahi kufikiria kwamba kitu kinachotoa sauti kinaweza pia kuwa kinapokea. Na mimi mwenyewe ni mtu wa kutoa.

"Nitarudi," akasema, "kwa sharti moja. Niambie jambo moja tu alilowahi kusema mke wako ndani ya gari lile."

Nikacheka. Hilo tu? "'Punguza mwendo.'"

"Hilo hata kioo cha nyuma anajua, na siku zote anaangalia upande mwingine."

"'Tumesahau chumvi.'"

"Hilo ulisema wewe."

"'Funga dirisha, nywele zangu.'"

"Afadhali. Lakini hapo alikuwa anaongea na dirisha."

Nikakaa benchini. Naanza kutafuta. Naona safari zote: za kliniki, za misiba, za kumpeleka Yusta shule. Namwona Mama Yusta upande wa kushoto, midomo inacheza, mikono inaeleza kitu kirefu, anacheka, anafuta macho. Kila safari naiona vizuri kabisa, na kila safari ninachosikia ni mashine ya kusaga.

Benchi zima limenigeukia. Hata honi ameacha kukohoa.

"Siwezi, bibi," nikasema. "Sina hata moja."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alitoa kile kitenge, akanifuta unga usoni, taratibu, kama unavyomfuta mtoto aliyeanguka akiwa ameambiwa asikimbie.

"Sogea," akasema. "Mwezi wa kwanza mlikuwa mnatoka kumpeleka binti Iringa. Mlisimama Ruaha Mbuyuni ukanunua vitunguu. Mkafika Mikumi. Wewe umefungulia mpira, umeweka sauti mpaka mwisho, nami natetemeka mlango mzima. Mkeo akageukia huku kwangu, akaongea."

Spika alipofungua mdomo tena haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya Mama Yusta, karibu kabisa, na pumzi zake.

"Sasa tumebaki wawili. Natamani tuanze kuongea upya, mimi na huyu mtu, ila sijui nianzie wapi. Labda nianze na yule nyumbu."

"Nyumbu gani?" nikauliza.

"Kulikuwa na nyumbu amesimama peke yake kando ya barabara. Alikuwa anaanza na huyo. Akakugusa bega akuonyeshe. Unakumbuka ulimjibu nini?"

"Sikumbuki."

"Ulisema, 'Goli!'"

Nikakohoa kama mtu aliyevuta unga. Wenzangu mnajua, mtu mzima halii mbele ya honi.

"Nibebe," akasema spika.

Nikamweka kwapani, nikatoka mbio. Zahanati ikawa barabara ya Mikumi, lami imenyooka. Mbele yangu tembo wamesimama katikati ya njia, familia nzima, wameshika risiti za ushuru. Mkubwa wao akatazama kwapani kwangu.

"Una mgonjwa?"

"Mgonjwa ni mimi," nikasema. "Huyu ndiye dawa."

"Pita, baba," akasema, na wote wakasogea.

Nikaamka.

Ni asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Mama Yusta ameshavaa, amekaa ukingoni mwa kitanda upande wake, anahangaika na zipu ya begi. Ni begi kubwa. Si la wiki moja.

"Nitakupeleka mimi," nikasema.

"Nimesema napanda basi."

"Muziki nitazima."

"Ukizima utapiga mluzi. Ukiacha mluzi utapiga vidole kwenye usukani. Baba Yusta, mimi nakujua."

"Sasa mtu atajuaje unachotaka? Miezi yote hii hujawahi kusema unataka tuongee. Hata siku moja."

"Nilisema."

"Wapi?"

Akaona hakuna faida ya kujibu, akarudi kwenye zipu. Ndipo nikasema, maana jambo lenyewe lilikuwa bado mdomoni kabisa, la moto:

"Mikumi. Ulitaka kuanza na yule nyumbu aliyesimama peke yake."

Zipu ikasimama nusu ya njia.

Hakuniangalia. Aliangalia mkono wake uliokuwa kwenye begi, kama wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa najikuna tu, nikijua nimesema kitu kisichokuwa na mlango wa kutokea.

"Sijawahi kumwambia mtu habari ya nyumbu," akasema polepole. "Hata Yusta. Ulinisikia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningepata chai ya maziwa na maandazi. Lakini nimeshapigwa na maisha vya kutosha kujua uongo mdogo unavyozaa.

"Sikusikia," nikasema. "Nimeambiwa sasa hivi, usingizini. Aliyeniambia ni ile spika ya zamani ya mlango wako."

"Ile ya karatasi?"

"Hiyohiyo. Nampitia Mkude sasa hivi anipe hiyo spika niirudishe."

Akakaa kimya. Safari hii ukimya haukunitisha, ulikuwa na mtu ndani yake. Ningenyamaza pale, mambo yangeisha vizuri. Lakini mimi nikianza ubishi breki sina.

"Hata hivyo, Mama Yusta, tuseme kweli. Uliongea chini mno. Mpira unanguruma, gari linanguruma, umegeukia mlangoni. Hakuna binadamu ambaye angesikia."

Mama Yusta akanyanyuka. Akachukua funguo za gari juu ya kabati, akanirushia zikanidondokea kifuani. Halafu akanisukumia begi kwa mguu, nilibebe.

"Karatasi iliyotoboka imesikia," akasema. "Wewe mwenye masikio mawili ulikuwa wapi?"