Kutazama kutoka Juu

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusimamia mtaro wa bomba la maji huko Sagalla, mlima ambao hata mbuzi wake huitwa kwa Kisagalla. Lakini tangazo lililobandikwa karibu na stendi ya Voi lilisema kwamba mwombaji sharti awe na Kiingereza cha kiwango cha juu, na kwamba mahojiano yangekuwa kwa Kiingereza kitupu. Bila shaka mabomba ya siku hizi hayasikii lugha nyingine. Mwandawiro alilisoma tangazo, akalirudia, akajikuna kisogo, kisha akapanda mlima kwenda kumweleza mkewe.

Margaret hakuhitaji kuelezwa sana. Maji aliyanunua kwa watu wa bodaboda, na wao wasipofika alijitwika mtungi mwenyewe, mpaka kiuno kikaanza kumkatalia. Kwake yeye bomba hilo lilikuwa la kiuno kabla ya kuwa la maendeleo. Mwandawiro naye, tangu lifungwe lile duka la vifaa vya ujenzi alimokuwa akiuza kule Mwatate, alikuwa amehojiwa huku na kule, na kila mara Kiingereza kilimwangusha kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

“Baba Wakesho,” Margaret akamwambia, “hiyo Kiingereza itafute popote iko. Lakini ukipata hiyo kazi, maji ifike hapa mlangoni. Isifike kwa hotuba, ifike hapa.”

Mwandawiro akaahidi. Alikuwa mtu wa kuahidi polepole, kwa hiyo ahadi zake zilikuwa chache na zilimlemea.

Kiingereza kilipatikana juu ya duka moja la dawa mjini Voi, kwa bwana mmoja aliyejiita Mwalimu Kituku na aliyevaa tai hata siku za joto la Februari. Darasa lake lilikuwa zaidi kwenye simu. Kila asubuhi wanafunzi walitumiwa Neno la Leo, matamshi yake, maana yake na sentensi za mfano, pamoja na picha ya Kituku mwenyewe akitabasamu pembeni. Kamusi aliidharau. Alisema kamusi ni ya watu wasioweza kufikiri, na kwamba yeye ana mbinu yake: neno la Kiingereza unalipasua katikati, na maana inadondoka yenyewe.

Kwa mbinu hiyo, wanafunzi wake walijifunza kwamba “understand” ni kusimama chini, kwa maana mwenye kuelewa husimama chini ya anayemfundisha. Walijifunza kwamba “appoint” ni kumpa mtu kazi, na “dis” ni kuondoa, kwa hiyo “disappoint” ni kumfuta mtu kazi, wala si kumvunja moyo kama wasemavyo watu wa kamusi. Mfano: meneja ame-disappoint vibarua wote wa mkonge. Dada mmoja wa darasa hilo, Rachel, alifundishwa kwamba “undertake” ni kubeba jukumu, naye akaenda kuomba kazi ya yaya akijitambulisha kuwa “undertaker” mwenye uzoefu mkubwa wa watoto. Mama mwenye watoto, aliyejua kwamba hilo ni jina la mtu wa kuzika maiti, alimfungia geti. Kituku aliposimuliwa alisikitika sana, akasema tatizo lilikuwa matamshi.

Wiki ya mahojiano, Neno la Leo lilikuwa “overlook”. “Over” ni juu, Kituku aliandika, na “look” ni kutazama. Basi “overlook” ni kutazama kutoka juu, yaani kusimamia kazi vizuri sana, kuliko kusimamia kwa kawaida. Matamshi: ova-luk, midomo itokeze mbele. Mfano: bosi mzuri hu-overlook kila kitu.

Mwandawiro alilipenda neno hilo tangu alipolisikia mdomoni mwake. Alilitamka akichunga mbuzi, akalitamka akioga, akamtamkia Margaret mpaka Margaret akamwambia aende akalimalizie nje. Kwa mara ya kwanza alikuwa na neno la Kiingereza lililomkaa kama shati lake mwenyewe. Maskini, hakujua limeshonwa kinyume.

Mahojiano yaliongozwa na Bwana Mukonyo, mwenyekiti wa kamati ya mradi, mtu mwenye kitambi cha heshima na saa kubwa mkononi. Kabla ya Mwandawiro waliingia vijana wenye vyeti, wenye Kiingereza kilichotiririka kuliko maji yoyote yaliyowahi kuonekana Sagalla. Wote waliulizwa swali lile lile: utafanya nini ukikuta kasoro katika kazi? Wote walisema wataandika ripoti. Mukonyo alikuwa akiwasikiliza huku akipangusa saa yake.

Zamu ya Mwandawiro ilipofika, alitokeza midomo mbele.

“I will overlook it, sir,” akasema. “Morning to evening, I will overlook everything.”

Mukonyo akaacha kupangusa saa. Akamtazama mjumbe wa kulia, akamtazama wa kushoto, wote wakamtazama Mwandawiro kwa macho ya watu waliopata ndugu yao aliyepotea. Mwenyekiti alimtaka arudie, na yeye akarudia kwa mkazo zaidi, mkono ukiwa kifuani. Alipewa kazi papo hapo. Jioni hiyo Kituku alitangaza ushindi wa mwanafunzi wake kwenye kundi zima na kupandisha ada.

Ndipo balaa likaanza, kwa sababu Mwandawiro aliifanya kazi. Aliufuata mtaro mguu kwa mguu. Aliona mahali ambapo bomba lilifunikwa na udongo wa kiganja kimoja tu. Aliona mabomba membamba ambayo hata yeye, muuza duka, alijua ni ya kumwagilia bustani. Na kati ya kanisa na zahanati aliona jambo la ajabu zaidi: mtaro ulichimbwa vizuri, ukafukiwa vizuri, na ndani hamkuwa na bomba lolote. Akateremka mbio hadi ofisini Voi kumwarifu mwenyekiti.

Mukonyo alimsikiliza akicheka, akampigapiga begani, akamwambia kwa Kiingereza a-overlook tu. Mwandawiro akafurahi. Kumbe mkubwa wake alikuwa mtu wa kupenda kazi! Akarudi mlimani, akakagua upya, akaleta kasoro nyingine. Mukonyo akamwambia tena: overlook, Mwandawiro, overlook. Akarudi, akafukua, akapima kwa fito, akaja na nyingine zaidi.

Mwenyekiti alianza kukosa usingizi. Aliamini mtu huyu ni mjanja, kwamba anamtisha ili apewe kitu. Akamnunulia gambuti mpya, viatu vya mpira vya kufika magotini, na koti zuri la mvua. Mwandawiro alishukuru kwa moyo wote. Kwa gambuti hizo aliweza kufika hata kule bondeni ambako zamani hakufika, na huko akagundua kwamba tangi dogo la pili, lile lililoandikwa kwenye bango la mradi, halikujengwa kabisa.

Siku alipoleta habari hiyo, Mukonyo alifunga mlango wa ofisi. Kiingereza kikamtoka, akabaki na lugha ya hasira.

“Mwandawiro, wewe unataka nini? Si tulikuuliza ukiona makosa utafanya nini, ukasema uta-overlook? Overlook ni kufumbia macho! Kufumbia macho, bwana! Kati ya wote walikuja, ni wewe peke yako ulisema kitu ya maana. Ndio maana tukakuchukua.”

Mwandawiro alisimama pale na gambuti zake. Yeye siku ile alimaanisha kusimamia. Kilichomuuma si kucheka kwa watu, maana hakuna aliyemcheka. Kilichomuuma ni kwamba walimwamini. Walimtazama usoni siku ile, wakaona mtu wa kufumba macho, na wakafurahi.

Nyumbani alimweleza Margaret yote, hata sehemu ya aibu. Margaret alikuwa ameketi kwenye kigoda akijikanda kiuno. Aliuliza swali moja tu.

“Sasa utafanya overlook gani, ile ya Kituku ama ile ya Mukonyo?”

Mwandawiro alizivua gambuti, akaziweka kando ya mlango. Mshahara ulikuwa mzuri, na hakuna duka jingine lililokuwa likimsubiri Mwatate.

Siku ya kufungua mradi ilikuja na mahema, viti vya plastiki na mgeni kutoka Nairobi. Asubuhi hiyo lori la maji lilipanda mlima, likalijaza tangi kubwa, na mfereji mmoja wa bomba ukawekwa hatua chache kutoka hapo na kufungwa utepe mwekundu. Mgeni alihutubia kwa Kiingereza. Mukonyo alihutubia kwa Kiingereza. Wanawake wa Sagalla walioletwa kupiga vigelegele walivipiga kila palipotokea kimya. Kisha mwenyekiti, akitaka mgeni aone kwamba mradi una wataalamu, akamwita msimamizi aseme mawili matatu, huku akimkazia jicho la kumkumbusha.

Mwandawiro alisimama.

“I was employed to overlook,” akasema. “I have looked. I cannot overlook.”

Mgeni akapiga makofi. Watu wa Nairobi hupigia makofi Kiingereza chochote cha mlimani, na wanawake nao, wakiona mgeni amefurahi, wakapiga vigelegele. Mukonyo alijipangusa jasho na kutabasamu. Mwandawiro alisema ukweli wake wote, na hakuna aliyeusikia. Hapo alikasirika, na kukasirika kukamsaidia. Akageukia viti vya nyuma, akayasema upya kwa Kisagalla. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa lugha hiyo kutumika katika mradi huo tangu uanze.

Aliwaambia kwamba maji waliyoyaona yaliletwa na lori. Aliwaambia kwamba kati ya kanisa na zahanati hakuna bomba, na asiyeamini achimbe. Vigelegele vilikatika. Margaret ndiye aliyeinuka kwanza, akaingia kwa jirani, akatoka na jembe, akashika njia ya kanisa bila kumtazama mtu. Viti vya plastiki vikaanza kuanguka nyuma yake.

Mgeni aliuliza kwa Kiingereza watu wanakwenda wapi. Mukonyo akaanza kupangusa saa yake.

Kesho yake ujumbe uliingia kwenye simu ya Mwandawiro, mfupi, wa Kiingereza: “We are very disappointed in you.” Margaret, aliyekuwa akifunga kanga kiunoni, akataka kujua umesema nini.

Mwandawiro alilitazama lile neno, akakumbuka asubuhi ile ya Kituku na vibarua wa mkonge.

“Wamenifuta kazi,” akasema.

Margaret akafikiri, akamwambia avae gambuti, kwani hizo hakuna aliyezidai. Watu walikuwa kule chini tayari, wakichimba, na hawakujua ni wapi pengine pametiwa udongo mtupu. Wakateremka pamoja. Mwandawiro alipanda juu ya lundo la udongo kando ya mtaro, pahali pa kuonea kote, akaanza kuwaonyesha.