Marie Asiye na Jina la Pili

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, Rollande Sanschagrin alikuwa jikoni kwake, katika kijiji kimoja kando ya mto Saint-Laurent, akinakili majina ya wazee wake kutoka kwenye daftari la ubatizo la parokia. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Alipomaliza kuandika jina la babu wa babu yake, alisikia mtu akikung'uta theluji viatuni barazani. Alikuwa ni yeye, babu huyo aliyekufa zamani. Rollande akamfungulia, akaongeza maji kwenye supu ya njegere.

Kufikia Alhamisi walikuwa kumi na tisa. Kila aliyeandikwa alikuja. Wa zamani kuliko wote alikuwa Étienne Desrivaux, askari aliyevuka bahari kutoka Ufaransa. Jeshini walimpachika jina la utani, Sanschagrin, yaani Bila-Huzuni, na wanawe wakalishika hilo, la baba wakaliacha. Alikalia kiti cha karibu na jiko na hakuondoka tena.

Binamu yake Rollande, Fernand, ndiye aliyekuwa akitayarisha kitabu cha ukoo. Alipofika alilalamika tu kwamba hapakuwa na pa kutundika koti.

"Marie, hebu nisogezee kiti," aliomba.

Wanawake saba wakageuka.

"Wasichana wote walibatizwa Marie, na wavulana wote Joseph," Rollande akamwambia. "Taja na jina la pili, la sivyo utasimama hapo mpaka kesho."

Ijumaa mchana Rollande aliona mstari mmoja mwembamba kwenye ubatizo wa mwana wa Étienne: *Mama, Marie, mtumwa wa Bwana Desrivaux, aliyeletwa kutoka kwa wenyeji wa bara, upande wa magharibi.* Hapakuwa na zaidi. Akauandika.

Marie huyu hakupita mlango wa mbele. Aliingia kwa nyuma amekumbatia kuni, akainama, akazoa majivu. Étienne akanyoosha mguu bila kumtazama, naye akamvua buti. Mazungumzo ya wengine yakaendelea.

Alikuwa msichana wa kama miaka ishirini. Kidevu chake kilikuwa kile kile cha Rollande.

"Bibi," Rollande akamwuliza, "mama yako alikuita nani?"

Msichana akajibu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akarudia. Kisha akauchukua mkono wa Rollande, akauweka kooni pake, akalitamka tena polepole. Koo lilitetemeka mara tatu chini ya vidole. Jina la silabi tatu. Hayo tu.

Rollande akamgeukia Étienne. "Wewe uliishi naye. Jina lake nani?"

"Nilimwita Marie," Étienne alisema. "Alikuwa akiitika."

Jioni nzima Rollande alijaribu majina, moja baada ya jingine. Kila mara msichana alitikisa kichwa, kwa haya, kana kwamba kosa ni lake.

"Kitabu kinaenda kuchapwa Jumatatu," Fernand akasema. "Andika mama hajulikani."

"Anajulikana, Fernand! Si huyo anafagia chini ya miguu yako?"

Fernand akainua miguu ili ufagio upite. "Dada yangu, kila mtu ana nafasi ya majina mawili. Yeye analo moja, tena la kupewa. Sasa mimi nifanyeje?"

Rollande akajifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Majuma kadhaa baadaye, Jumatatu ya Pasaka, ukoo wote ulikusanyika mbele ya kanisa, walio hai na waliokufa, kupiga picha. Vitabu viligawiwa. Ukurasa wa nne uliandikwa: *mama hajulikani.* Jua lilikuwa limetoka, na mpiga picha akaomba watu wavue makoti. Wakamrundikia msichana mikononi, moja juu ya jingine, mpaka kidevu kikafichika.

"Rollande, njoo bwana, tunakungoja wewe tu!" Fernand aliita.

Rollande alisimama kidogo mbele ya msichana. Kisha akavua koti lake, akaliweka juu ya mengine, akaenda kusimama mstari wa pili.