Kipande cha Asajile

Mfereji wa Bujonde haukuwahi kuwa na mwenyewe mmoja. Ulichimbwa kwa majembe na watu ambao wajukuu wao sasa ni wazee, na kila kaya ikabaki na kipande chake cha kusafisha kabla maji hayajafunguliwa kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Kipande huitwa kwa jina la aliyekisafisha mwaka huo. Asiyetokea na jembe, chake huchukuliwa na mwingine, na jina hubadilika palepale, bila kikao.

Prisca aliyajua hayo tangu aolewe. Lakini Asajile, mumewe, alikuwa amekisafisha kile cha penye kona kwa miaka mingi, hata watoto wakadhani kona yenyewe ndiyo inayoitwa Kwa Asajile. Alizikwa msimu wa kakao, na siku ya kusafisha ikafika Prisca akiwa bado kwenye nguo nyeusi.

Mwaka huo kulikuwa na mgeni. Georgina, afisa utamaduni aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba, aliwaonyesha wanakijiji picha kwenye simu yake: mji mdogo wa Ufaransa uliojengwa kando ya mfereji, nyumba za mawe, milango ya maji ya mbao, na ukutani majina ya watu walioilinda zamani. Wageni husafiri kwenda kuyasoma tu, alisema. Alitaka Bujonde nayo iwe na kibao chenye jina la kila kipande. Jirani yao Jackson aliuliza kama huko Ufaransa tope hujitoa lenyewe. Watu wakacheka, ila kibao wakakikubali.

Prisca alikitaka kuliko wote. Jina la mumewe lingekaa pale.

Asubuhi alimkuta Lazaro, mdogo wa marehemu, amesimama penye kona na jembe begani. Hakuwa na ubaya. Alisema mjane haingii mferejini kabla ya kuvua nguo nyeusi, basi yeye angemsaidia. Prisca alijua msaada huo ungeishia wapi: jioni pangeitwa Kwa Lazaro.

"Ndaga, shemeji," alimshukuru. "Nenda kwenye chako."

Akafunga kitenge juu ya magoti, akashuka.

"Tope halijui kama umefiwa, shemeji," Jackson alimtania kutoka kipande cha pili. Safari hii hakuna aliyecheka.

Prisca alichimba hadi jua likawa la utosi, akirusha magugu na matope ukingoni. Georgina alipofika penye kona, alichuchumaa. Alisema yuko tayari kuandika jina la Asajile, hata kama desturi inasema vingine. Wale wa kwenye picha nao wote walikwisha kufa. Alichohitaji ni Prisca kukubali.

Lazaro na wenzake waliacha kuchimba. Prisca akaegemea mpini.

"Asajile alipakuta panaitwa kwa mama yake," alisema mwishowe. "Akapasafisha, pakawa pake. Na mama mkwe alikuwa hai, anamtazama. Andika Prisca."

"Una hakika, mama?"

"Yeye hayumo humu, mwanangu. Niliyemo ni mimi."

Georgina akaandika. Lazaro akaendelea kuchimba kipande chake. Prisca alikuwa amebakiza tope kidogo hadi kwenye mpaka wa Jackson, akalimaliza bila kupumzika, kwa sababu alijua akisimama atalia.