Siku Elinipendo Alipomwangusha Baba Mkubwa

Tangu Jumatatu ile Elinipendo hakupita tena njia ya mferejini. Alizungukia nyuma, kwenye migomba ya watu, ilimradi asionane na mtu. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mkanda wa kahawia wa karate, anajificha kama mwizi wa kuku.

Ugomvi ulikuwa wa maji. Kwao Masama mfereji una zamu, na ile Jumatatu ilikuwa zamu yake. Akakuta maji yamegeuziwa shamba la baba yake mkubwa, mzee Eliamini, na mzee mwenyewe amesimama na jembe analinda.

"Baba mkubwa, leo ni zamu yangu."

"Ya kwako ilikuwa Ijumaa. Nenda karushe mateke yako huko Moshi, sisi tuna migomba."

Majirani wakacheka. Mzee akanyoosha mkono amsogeze kando, basi, hakumpiga. Elinipendo akamkata mtama. Mzee wa miaka sabini na moja akaenda chali kwenye tope, kofia huku, jembe kule. Majirani wakacheka tena, safari hii wakimcheka mzee.

Baadaye aliwaambia watu kwamba mwili ulifanya wenyewe kwa mazoea. Uongo. Alipata muda wa kuchagua mguu.

Na mzee huyo ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati alipougua mapafu akiwa na miaka sita, baba yake mzazi ameshazikwa.

Jumamosi akashuka Moshi mazoezini. Mtihani wa mkanda mweusi ulikuwa umebaki wiki moja. Mwalimu Gidioni alishasikia, wala hakugomba.

"Mwezi wa kwanza nilikufundisha nini?"

"Kuanguka, mwalimu."

"Na yule mzee, nani alimfundisha?"

Elinipendo akafungua mkanda, akaukunja, akauweka mezani.

"Utauchukua siku mzee wako atakaporidhika," mwalimu akasema.

Jumapili, baada ya ibada, akakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akalifunga fundo. Kwa Wachaga, anayeletewa isale kuombwa msamaha hakatai, hata kama kosa ni kubwa namna gani. Hilo ndilo lililomuumiza njia nzima: anakwenda kuomba kitu ambacho mzee hawezi kumnyima.

Alimkuta uani, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa. Mama mkubwa Hellen alikuwa anamkamulia ng'ombe, na majirani wawili watatu wa siku ile walikuwepo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba," mzee akaitikia.

Elinipendo akapiga magoti, akatoa jani kwa mikono miwili. Mzee akalipokea kwa mkono wa kushoto, maana ndio uliobaki mzima. Elinipendo akainamisha uso.

"Nimelipokea," mzee akasema. "Hilo ni la wazee waliotutangulia. La kwangu mimi bado."

"Sema, baba mkubwa."

"Nasikia huko mnafundishwa kuanguka. Twende mferejini uanguke nione."

"Eliamini, mwache mtoto," mama mkubwa akasema. "Ana nguo za kanisani."

"Hata mimi nilikuwa na kofia yangu nzuri."

Wakafuatana wote. Elinipendo akasimama palepale alipomwangushia mzee, akaanguka: kidevu ndani, kiganja kikapiga tope, akabiringika, akasimama. Hakuna aliyecheka.

"Hiyo ni ya shule," mzee akasema. "Anguka kama mimi."

Akasimama tena. Safari hii akaiachia mikono, akauachia mwili, akaenda chali kama gunia la kahawa. Pumzi ikamtoka. Tope likaingia masikioni. Ndipo vicheko vikaja, na kutoka pale chini akaziona nyuso zinazocheka, moja moja, zote za watu anaowasalimia kila siku. Mzee naye aliziona hizohizo Jumatatu ile. Machozi yakamtoka Elinipendo, hakuyafuta.

Mzee Eliamini hakucheka. Aliinama, akampa mkono wa kushoto.

"Inuka. Jumatatu ile ilikuwa zamu yako. Nilijua."

Elinipendo akaushika mkono ule, lakini akainuka kwa nguvu zake mwenyewe, asije akamtonesha.